Glasi ya Mtu Mzima

3 Machi

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Mama yako amenisomea sehemu za maana, na mimi nimejisomea zile alizoziruka. Sasa nisikilize. Hiyo shampeni unayotaka kunionjesha, baba yako ameshainywa kabla wewe hujaota jino. Ilikuwa nyumbani kwa balozi. Nimeketi mkono wa kulia wa balozi mwenyewe, kizibo kikaruka pwaa, kikagonga taa, wanawake wakapiga kelele, mimi nikainua glasi nikasema, "Hii ya mwaka huu haiifikii ya mwaka jana." Balozi akanipigia makofi.

Mama yako amepita nyuma yangu na ungo wa mchele, amesoma, amecheka mpaka mchele umemwagika. Basi, yaishe. Balozi hakuwa balozi, alikuwa dereva wake. Hatukuketi mezani, tulikuwa jikoni, na mimi nilikuwa nimelala chini ya kiti kilichokatika springi, misumari mdomoni. Kilichokuwa kwenye glasi kilikuwa maji ya tofaa yenye gesi. Cha kweli ni kizibo peke yake, maana kilinigonga mimi.

Kwa hiyo sijawahi kuonja, na nimekubali kuja.

Niambie kama nimeelewa. Hiyo "nyumba" ya shampeni si nyumba ya kulala. Ni ukoo wa watu wa ng'ambo ambao tangu babu wa babu yao hawajui kazi nyingine ila kukamua zabibu na kuzifungia kwenye chupa chini ya ardhi, kama watu wanaoficha mwizi. Mkuu wa ukoo sasa ni mwanamke, mnamwita Bibi. Anakuja mwenyewe hapo hotelini kwenu kuonjesha watu, na humohumo atatafuta mtu mmoja wa kusimamia shampeni yake katika nchi zote za huku. Kazi hiyo unaitaka. Unaitaka mpaka mwandiko wako umeinama mbele kama mtu anayekimbilia treni.

Tena wana desturi yao: glasi ya kwanza hupewa mtu mzima kuliko wote waliomo ukumbini. Huyo akishasema neno lake ndipo wengine wanaonja. Yule hakimu mstaafu uliyempanga amevunjika nyonga, na hapo hotelini mzee aliyebaki ni lifti. Ndipo ukanikumbuka mimi.

Si vibaya. Hata spana hukumbukwa nati ikilegea.

Niandikie nivae nini na niseme nini. Simu usipige, imeanguka kwenye ndoo ya gundi, sasa ni pambo.

Baba yako,
Mzee Springi, fundi makochi, zamani wa ubalozini (chini ya kiti)


9 Machi

Baba,

Shikamoo. Mpe mama salamu.

Nimefurahi umekubali. Nimeogopa pia, na unisamehe kwa kulisema hilo. Watu watakaokuwepo ni meneja wetu, madaktari, wenye maduka makubwa, watu ambao kazi yao ni kumtazama mtu anavyoshika kitu. Glasi ishike mguuni, usiishike tumboni, mkono unaipasha moto. Usiipulize, si chai. Utaletewa kidogo tu chini ya glasi. Usiulize iliyobaki iko wapi. Na najua utaviona viti vya ukumbini, na najua mikono itakuwasha kuvigeuza uone vimepigwa vipi chini. Nakuomba kwa jina la Mungu, usivigeuze.

Ukishaonja, sema hivi tu: "Ni nzuri sana. Asanteni." Hata kama mdomoni mwako ina ladha ya ajabu, sema hivyohivyo. Ladha ya vitu hivi huzoewa, na asiyezoea anaweza kutamka jambo moja tu likanikosesha kazi. Bibi ana chupa moja kubwa anayokuja nayo mwenyewe, na hiyo ndiyo utakayoifungulia njia wewe.

Jambo la mwisho nimelizunguka tangu jana. Mbele ya wageni nitakutambulisha kuwa ni "mzee wetu." Sitasema "baba yangu." Hapa kazini hawapendi mtu alete ndugu zake, wataona ninapendelea. Usikasirike. Ni kwa siku hiyo tu.

Koti lile la kijani mama alipige pasi vizuri kwenye kola.

Binti yako


14 Machi

Chiriku,

Marahaba.

Mzee wetu! Hata jenereta la hoteli linaitwa hivyo. Haya, nitanguruma kidogo kisha nitazima.

Tunafanya mazoezi. Mama yako amejitanda pazia la sebuleni, yeye ndiye Bibi. Anakaa pale kwenye kochi la mteja, anapandisha nyusi, anasema, "Karibu mzee, tueleze." Mimi nashika glasi mguuni, naonja maji ya limau, nasema, "Ni nzuri sana. Asanteni." Ananiambia nimeikamata kama nyundo. Narudia. Seremala wa jirani alitukuta dirishani, amesimama na msumeno wake, hajui kama aingie au aite daktari. Maneno yenyewe nimeyashika hata yananitoka bila kuitwa. Jana mteja kaniletea kochi limepasuka pande zote, nyasi nje kama utumbo, nikaligeuza, nikamtazama, nikasema, "Ni nzuri sana. Asanteni." Ameondoka na kochi lake amenuna.

Juu ya hilo la "mzee wetu" usijisumbue. Ngozi yangu nene, iliwambwa na fundi mzuri. Mama yako ndiye aliyeisoma sentensi ile mara mbili kisha akaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Nitakuja, nitaonja, nitasema manne yangu, nitaondoka. Hakuna atakayejua kuwa nilikuwepo.

Mzee Wenu


24 Machi

Baba,

Shikamoo nimeitafuta nimeikosa. Nikiipata nitaiweka mwisho.

Nilikupa maneno manne. Manne, baba! Nani alikutuma uongeze, "Tangu nizaliwe sijaonja kitu kitamu namna hii"? Nani alikwambia ufumbe macho? Na ile glasi ya pili? Watu wazima wamesimama na glasi tupu wanangoja tone lao, wewe umeinua yako juu, "Binti, ongeza." Nimeongeza. "Ongeza tu, usione haya." Usione haya! Na ya tatu ukaiomba, mpaka meneja akacheka akanifanyia ishara nikuruke.

Na kwa kuwa mtu mzima ameshasema, nani tena angesema tofauti? Meneja akaonja, akasema anapata ladha ya lozi. Daktari akasema mkate uliotoka tanurini sasa hivi. Mkewe akasema maua meupe. Maua! Ukumbi mzima ukawa unatikisa vichwa kama watu wanaosikiliza wimbo mmoja. Ndipo Bibi akainua ya kwake. Hata hakuitia mdomoni. Aliinusa, akaiweka mezani taratibu, akasema, "Hii imekufa. Kizibo kimeiozesha."

Mke wa daktari akairudisha glasi yake kwenye sinia, maua na yote.

Chupa ile hakuitoa dukani, baba. Aliipakata safari nzima kutoka kwao. Aliifunga baba yake kwa mikono yake, mwaka aliofariki. Kizibo kibaya hakina mwenyewe, kinaweza kuikuta chupa yoyote, na hilo Bibi analijua, hakumlaumu mtu. Lililomuuma ni sifa. Aliwatazama wote walioisifu, akamalizia kwako, na wewe ulikuwa bado unatabasamu.

Ameondoka kesho yake. Juu ya kazi hajasema neno. Meneja hanitazami usoni.

Niambie ukweli. Pua uliyonayo haikusikia kitu? Hata kidogo?

Shikamoo.

Mimi


29 Machi

Chiriku,

Marahaba, ingawa imekuja mwisho kama mkia.

Kosa ni langu lote, usiligawe. Mtu aliyekaa na gundi na nyasi kuukuu tangu ujana ana pua gani? Hii yangu imebaki ya kubebea miwani. Niliona mapovu yanapanda, niliona taa, niliona watu wamevaa vizuri, nikaona basi ni tamu, nikasema tamu. Na ya pili niliomba kwa ulafi. Mzee akionjeshwa kitu cha bure huwa hajui kuaga.

Mwandikie Bibi, mwambie mzee yule ni mshamba, hana pua, hana shule, mlimwokota tu kwa ajili ya mvi. Ukitaka nitamwandikia mwenyewe, auone na mwandiko wangu, aamini. Shule ilipokuja kwetu mimi sikuwepo nyumbani.

Nimeona haya, mwanangu. Seremala kaniuliza ilikuwaje huko kwa wakubwa, nikamwambia niliugua tumbo sikwenda. Koti nimelitia chini ya kitanda nisilione.

Baba yako asiye na pua

Mwanangu, ni mimi mama. Ameenda kununua stempu, na bahasha haijakauka gundi. Baba yako anakudanganya. Pua yake ni ya paka. Nikiunguza sufuria huku, yeye anajua akiwa karakana, na anasema ni sufuria gani. Aliporudi siku ile alisukutua kinywa kwa maji ya chumvi mara nyingi, akaniambia, "Mke wangu, ilikuwa inanuka godoro lililonyeshewa likalaliwa na mbwa." Nikamuuliza kwa nini basi aliimeza na kuomba nyingine. Anapigilia misumari tu, hata pasipohitaji msumari. Muulize wewe. Na ukimuuliza, umwambie na la kwako, maana barua yako ile ilikuwa na makelele mengi kuliko kosa lenyewe. Mficha uchi hazai.
Mama


6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo naiweka mbele, na ningekuwa karibu ningepiga magoti.

Maneno ya mama nimeyasoma. Sasa soma ya kwangu, na uyasome ukiwa peke yako kama utaweza.

Chupa ile niliifungua mimi. Wageni walikuwa bado wanasalimiana, Bibi yuko mwisho wa ukumbi na meneja. Nyumba yao ina sheria: anayefungua ananusa kizibo, na akikitilia shaka hamimini, anasema. Nilikinusa. Ni harufu isiyohitaji shule, mtoto angeijua. Nilitakiwa kwenda kwa Bibi na kumwambia, "Chupa ya baba yako imeharibika." Sikwenda. Nilimwona alivyoiweka mezani, alivyoipangusa vumbi kwa kiganja kama mtu anayempangusa mtoto uso, nikasema mimi nani nimpe habari hiyo, tena siku anayochagua mtu.

Nikakutazama wewe umekaa pale mbele na koti lako. Nikajiambia, glasi ya kwanza ni ya mzee wangu, naye hatajua. Atasema manne yake, wengine watamfuata, jioni itapita.

Nilikumiminia kitu kibovu, baba, najua ni kibovu, kwa sababu nilikuona hujui kitu. Halafu nikakuandikia barua ya kukukaripia.

Na si hilo tu. Bibi aliponiuliza kwa lugha yao, "Yule mzee ni nani?", hata "mzee wetu" sikusema. Nilisema umealikwa na hoteli, mimi sikufahamu. Kisha nikajifungia stoo ya glasi mpaka nilipojua umekwisha kwenda. Hukupewa hata maji.

Yale niliyokwambia kwamba kazini hawapendi ndugu, ni uongo. Siku ya kuajiriwa waliniuliza nilijifunza wapi kuonja. Wenzangu wote wamesomea. Mimi nikasema nimefundishwa na baba yangu, ana stoo ya mvinyo nyumbani, kila Jumapili anafungua chupa. Ndiyo maana usingeweza kuwa baba yangu ukiwa na koti lile na vidole vile vya gundi. Wakati mwingine najiambia sikudanganya sana, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa unanitia kichwa ndani ya makochi ya watu, "Chiriku, nusa, pameoza wapi?" Lakini najua nilidanganya.

Sasa Bibi ameandika. Barua yake ni fupi: "Nani aliifungua chupa?" Mhudumu aliyesimama nami alishika kitambaa tu. Meneja ananiambia nimtaje yeye, jambo liishe, kazi bado ninaweza kuipata. Nikisema ni mimi, imekwenda.

Sijui nifanye nini. Unieleze, na unikaripie, ni haki yako.

Binti yako


11 Aprili

Chiriku mwanangu,

Marahaba.

Nimesoma nikiwa peke yangu, ndani ya choo, maana mama yako hana mipaka mingine.

Usinipambe na hayo ya kunusa makochi. Nilikutia kichwa mle kwa sababu chako kilikuwa kidogo, changu hakiingii. Stoo ya mvinyo! Ningekuwa nayo, unadhani wewe ungeijua?

Haya, nami niseme, maana mama yako ameshanivua nguo hadharani. Harufu niliipata kabla glasi haijafika kidevuni. Na kabla ya hapo nilikuona wewe. Nilikuwa nimekaa mbele, sina wa kuongea naye, kazi yangu ilikuwa kukutazama. Ukakinusa kizibo, uso ukajifunga, pu, kama duka limesikia kelele za fujo mtaani. Ukageuka ukanitazama. Halafu ukaja ukanimiminia.

Nikasema moyoni, aa. Kumbe ndiyo kazi niliyoitiwa.

Ya kwanza nilimeza kwa sababu wewe ulitaka imezwe. Ya pili niliomba kwa akili yangu. Nilihesabu, nikiinywa yote mimi, Bibi hatapata ya kunusa, na mzee mlafi ni habari ya kuchekesha tu, haimvunjii mtu kazi. Ndiyo sababu nilifumba macho na kulamba midomo kama mpumbavu. Lakini lile chupa lilikuwa kubwa kama mtoto wa kubebwa mgongoni, na meneja wenu akanikata njiani. Nisamehe. Mdomo ulikuwa tayari kuimaliza.

Ulivyosema kwa lugha yao sikuelewa. Kidole nilikielewa. Ulimnyooshea meneja, ukapandisha mabega. Fundi hupandisha mabega hivyo mtu akimletea kochi ambalo hakulishona yeye.

Kukukaripia siwezi. Aibu yenyewe ingekuwa yako tu ningeipigia kelele. Lakini nami niliishi nayo sebuleni siku zote hizi, nikamdanganya hadi seremala. Tukutane katikati.

Juu ya kazi sikuamulii. Ukitaka kunitwisha mimi, nitwishe, mgongo huu umebeba makochi ya watu watatu wamekalia. Lakini huyo mhudumu aliyeshika kitambaa mwache. Mtu asilale na njaa kwa ajili ya kushika kitambaa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na hapa mwosha ni wewe. Bibi anauliza kwa sababu anataka kujua kama mwosha anaweza kusema.

Kula. Mama yako anasema mwandiko wako umekonda.

Baba yako, mwenye pua


27 Aprili

Baba,

Shikamoo, na mama shikamoo, najua anasoma.

Nilimwandikia. Niliandika kwamba kizibo nilikinusa mimi, nilijua, nikamimina, na mhudumu hana hatia. Niliandika kwamba mzee yule hakualikwa na hoteli. Ni baba yangu mzazi, ni fundi wa makochi, hana stoo ya mvinyo, na nilimkana mbele yake akiwa na glasi niliyompa mwenyewe mkononi. Neno "nilimkana" nililiandika nikalifuta nikaliandika tena, karatasi ikatoboka hapo. Nikaipeleka ilivyo.

Jibu limekuja. Kazi amepewa mtu mwingine, wa kampuni nyingine. Anasema mtu aliyejua na akamimina hawezi kulisimamia jina la marehemu baba yake. Hilo nililitegemea, na bado nilipolisoma nilikaa chini palepale kwenye masanduku ya soda. Ila mlango wake hakuufunga. Nitaendelea kumimina hapa kaunta, chini ya huyo atakayekuja, na anataka mwakani nipelekwe huko kwao nikakae kwenye stoo zao za chini nijifunze kusema "hapana."

Kuna na maneno aliyokutumia wewe. Nayaandika kama alivyoyaandika: "Mwambie baba yako kwamba yeye pia alinidanganya, na yeye sijamsamehe. Kwetu glasi ya kwanza hupewa mtu mzima kwa sababu hana tena wa kumwogopa."

Nimekuletea kama yalivyo. Nimechoka kuchuja vitu.

Meneja amenuna, lakini amenuna kimya. Hapa hotelini wengine hawajajua kitu. Wanafikiri mzee yule alitokea tu.

Binti yako


3 Mei

Chiriku mwanangu,

Marahaba.

Pole kwa kazi. Sitasema itakuja nyingine bora, hayo ni maneno ya watu wanaotaka kuondoka haraka msibani. Uliitaka, imekwenda, inauma. Mama yako amelia kidogo, kisha amekaanga mayai mengi kuliko watu waliomo nyumbani. Tumeyala yote. Mhudumu yule ana cha kutia mdomoni leo, na hilo nimelisema mezani, mama yako akaniongezea yai.

Mwambie Bibi haki anayo, asinisamehe. Alileta chupa ya baba yake na mimi nikaichekea usoni. Lakini desturi yao ina tundu, na tundu hilo mimi fundi naliona. Anayedhani mtu mzima hana wa kumwogopa, ama hajazaa, ama alizaa akasahau. Hakimu wenu angekuwepo labda angeitema. Mimi sikumwogopa Bibi, wala meneja, wala yule mama wa maua meupe. Niliogopa kuinua macho kutoka kwenye glasi, nisije nikakuta unavyonitazama. Ndiyo maana niliyafumba. Unadhani ilikuwa utamu?

Sasa nina dai moja dogo, na si la kuandika barua ndefu.

Siku ile nilipotoka, bawabu wenu, yule bwana mrefu ambaye kofia inamshinda, alinishika mkono pale kwenye ngazi. Akaniuliza, "Mzee, umekuja na nani? Nikuitie?" Nikamwambia nimekuja peke yangu. Akasema, "Mimi nilidhani wewe ndiye baba wa yule dada wa shampeni. Mnatembea sawasawa, bega moja limelala." Nikacheka, nikamwambia, "Wapi bwana! Yule ni mtu mkubwa, mimi fundi makochi." Basi akavua kofia akaniomba radhi. Mtu mzima mwenzangu, ananiomba radhi kwa kunidhania baba yako, na mimi nikaipokea.

Ile radhi inaniwasha mpaka leo. Si yangu, nimeichukua bure, nataka irudi kwa mwenyewe.

Kwa hiyo kesho ukiingia kazini usimpite na salamu ya juujuu. Simama pale kwenye ngazi, mwambie hakukosea. Hilo tu nakudai. Na useme kwa sauti, hata kama kuna watu, maana yule bwana sikio lake la upande wa mlango halisikii vizuri.

Baba yako